Baseball-Reference kwa msomaji wa Mtwara: historia ya besiboli ndani ya jedwali

Mpenzi wa michezo wa Mtwara akitaka kuijua historia ya besiboli, kila anayemfundisha humuanzishia na video. Anaonyeshwa sekunde 20 za mtu anapiga mpira, mashabiki wanaruka, wachezaji wanarundikana katikati ya uwanja, basi. Hajui timu ilikuwa nyuma kwa pointi ngapi, auti (wapigaji waliotolewa) zilikuwa ngapi, wala nani alisimama besi ipi. Shangwe ameiona ila sababu yake imempita.

Baseball-Reference, tovuti iliyoanzishwa na Sean Forman mwaka 2000, inampa hicho kilichokosekana. Ni hazina ya takwimu za besiboli ya Marekani: kila mchezaji ana ukurasa wake, kila msimu una wake, na mechi nyingi sana zimeandikwa tukio kwa tukio. Karibu yote ni bure. Msimamo wangu ni huu: kwa mtu ambaye hakukulia kwenye mchezo huu, jedwali la mechi linafundisha kuliko video, na tovuti hii ndiyo inayolipanga vizuri zaidi kwa mtu wa kawaida. Kasoro zipo, na baadhi zinaweza kumpotosha kabisa anayeanza.

Huku kwetu ni soka. Uwanja wa Nangwanda Sijaona ukijaa, umejaa kwa ajili ya soka, na hata kijiweni kwenye kahawa ubishi wa besiboli haupo. Besiboli nchini imekua kwa msukumo mkubwa wa Wajapani, na uwanja wake unaojulikana uko Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam. Kwa hiyo mwalimu wa michezo wa Ligula au mtangazaji wa redio anayetaka kuizungumzia besiboli kwa usahihi hana mzee wa kumuuliza. Atategemea simu yake na bando lake, na ndiyo maana nimeipima huduma hii kwa mtu wa aina hiyo.

Tuanze na kuufikia ukurasa, maana hapa wengi wanakwama. Sanduku la kutafuta lililo juu ya tovuti linampata mchezaji vizuri ukiandika jina lake, lakini mechi ya zamani ukiitafuta humo utazunguka sana. Njia ya mkato ni kuandika anwani mwenyewe, kwa kuwa kila mechi ina anwani inayofuata kanuni moja. Baada ya jina la tovuti unaandika /boxes/, kisha herufi tatu za timu mwenyeji, mkwaju, halafu herufi zilezile zikifuatwa na mwaka, mwezi, tarehe na tarakimu moja ya mwisho, kisha .shtml. Mechi iliyochezwa Pittsburgh tarehe 13 Oktoba 1960 inakuwa /boxes/PIT/PIT196010130.shtml. Tarakimu ya mwisho ni 0 kama siku hiyo timu zilicheza mechi moja tu. Zikicheza mbili siku moja, ya kwanza ni 1 na ya pili ni 2.

Herufi za timu zinahitaji uangalifu, hasa New York. NYA ni Yankees, NYN ni Mets, na NY1 ni Giants wa zamani kabla hawajahamia San Francisco. Brooklyn Dodgers ni BRO, na walipohamia Los Angeles wakawa LAN. Ukiweka timu mgeni mahali pa mwenyeji, ukurasa hautafunguka, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote. La pili ni kusahau ile 0 ya mwisho.

Hiyo tarakimu ya mwisho ina kazi. Tarehe 28 Septemba 1941, siku ya mwisho ya msimu, Ted Williams wa Boston Red Sox alikuwa na wastani wa .39955, ambao ukikadiriwa unasomeka .400. Angeweza kukaa benchi akaulinda. Akacheza mechi zote mbili za siku hiyo mjini Philadelphia. Fungua PHA194109281, kisha PHA194109282, ujumlishe mwenyewe: hiti (mpigo unaomfikisha mpigaji besi salama) 4 katika mipigo 5, halafu hiti 2 katika mipigo 3. Akamaliza na .406. Tangu hapo hakuna aliyefika .400 katika msimu wa American League au National League, ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani. Kwa asiyezoea hesabu hii, .300 maana yake ni kufanikiwa mara 3 katika kila mipigo 10, na anayedumu hapo miaka mingi huhesabiwa mpigaji hodari.

Kwa anayejifunza kusoma jedwali, mechi ya kuanzia ni NYA195610080. Ni mechi ya tano ya World Series, fainali ya ligi kuu, ya 1956, ambayo Don Larsen wa Yankees aliwarushia Dodgers mechi kamilifu, ya pekee katika historia ya World Series. Wapigaji 27 walikuja, wote 27 wakarudi benchi bila kukanyaga besi ya kwanza. Upande wa Dodgers ni auti tu, hakuna cha kukuchanganya, na Yankees walishinda 2-0. Larsen alitumia mirusho 97, na wa mwisho ulikuwa straiki (mrusho mzuri ambao mpigaji ameukosa au ameuacha) ya tatu ambayo Dale Mitchell aliiacha ipite. Ukishauelewa ukurasa huo, kurasa nyingine zinafunguka kichwani.

Jedwali la juu lina safu za wapigaji. AB ni mipigo iliyohesabiwa, R ni pointi alizofunga mwenyewe, H ni hiti, RBI ni pointi zilizoingia kutokana na mpigo wake, BB ni mara alizopewa besi ya bure kwa boli nne (mirusho iliyopotoka), na SO ni mara alizotolewa kwa straiki tatu. Ukishuka chini kabisa unakuta jedwali refu la tukio kwa tukio, na hilo ndilo lenye utamu. Safu ya Inn inaonyesha raundi: t ni nusu ya kwanza ambapo wageni wanapiga, b ni nusu ya pili ambapo wenyeji wanapiga. Kwa hiyo b10 ni wenyeji, raundi ya 10. Score huandikwa kuanzia upande wa timu inayopiga. Out ni auti zilizokwishapatikana kabla ya mpigo huo. RoB ni besi zenye watu: 12- maana yake kuna mtu besi ya kwanza na ya pili, --- maana yake hakuna mtu.

Halafu kuna safu mbili ambazo mgeni huziruka, nazo ndizo zinazoipa tovuti hii thamani yake. wWE ni uwezekano, kwa asilimia, wa timu iliyoishia kushinda kushinda kwa wakati ule. wWPA ni kiasi ambacho uwezekano huo ulipanda au kushuka kwa tukio hilo moja. Jedwali hili hufanya kama stakabadhi ghalani: kila gunia limeandikwa lilipoingia na uzito wake, kwa hiyo mtu hawezi kukwambia baadaye kwamba gunia la mwisho ndilo lililojaza ghala.

Chukua ile mechi ya Pittsburgh ya 1960, mechi ya saba ya World Series. Historia inamkumbuka Bill Mazeroski, aliyepiga homurani (mpigo unaomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote na kufunga) mwanzoni mwa nusu ya pili ya raundi ya tisa dhidi ya Ralph Terry, Pirates wakashinda 10-9. Ni homurani pekee iliyowahi kuimaliza mechi ya saba ya World Series. Lakini soma jedwali kuanzia nusu ya pili ya raundi ya nane, pole pole, mstari kwa mstari. Yankees wanaongoza 7-4. Gino Cimoli anapata hiti. Bill Virdon anapiga mpira wa chini kuelekea kwa Tony Kubek, naye anafika besi salama. Dick Groat anapata hiti, 7-5. Roberto Clemente anapiga mpira dhaifu ndani ya uwanja, anafika besi ya kwanza salama, 7-6. Auti ni mbili, watu wako besi ya kwanza na ya tatu. Anakuja Hal Smith, mdakaji ambaye wengi hawajawahi kulisikia jina lake, anapiga homurani ya pointi tatu. Pirates 9, Yankees 7.

Tazama sasa wWPA ya mpigo huo, uilinganishe na ya Mazeroski. Wa Smith ni mzito zaidi kwa mbali. Kabla yake Pirates walikuwa wanashindwa. Kabla ya Mazeroski mechi ilikuwa sare 9-9, na wenyeji ndio walikuwa na nafasi nzuri zaidi hata bila homurani. Smith alisahauliwa kwa sababu Yankees walisawazisha raundi ya tisa, na namna walivyosawazisha nayo inasomeka: Yogi Berra alipiga mpira wa chini kwa Rocky Nelson wa besi ya kwanza, Nelson akaikanyaga besi kwanza, na Mickey Mantle akajitupa kurudi besi ileile akakwepa kuguswa, huku Gil McDougald akifunga pointi ya tisa. Ukimwambia mtu kisa cha 1960 bila Hal Smith, umempa nusu.

Ukurasa huohuo una jambo jingine la ajabu. Pandisha macho kwenye safu ya SO ya timu zote mbili: ni sifuri juu mpaka chini. Mechi yenye pointi 19 na hakuna mpigaji hata mmoja aliyetolewa kwa straiki tatu. Ni mechi pekee ya World Series ya namna hiyo. Fungua pia muhtasari wa fainali nzima ujumlishe: Yankees walifunga pointi 55, Pirates 27, na bado Pirates walichukua ubingwa mechi 4 kwa 3. Yankees walishinda zao 16-3, 10-0 na 12-0, Pirates wakashinda zao kwa tofauti ndogo. Bobby Richardson wa Yankees alipewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali akiwa upande ulioshindwa.

Mechi ya pili ambayo jedwali hili linaitendea haki ni NYN198610250, mechi ya sita ya 1986 kati ya Mets na Red Sox. Hapa ninaandika kwa uchungu, kwa sababu Bill Buckner alibebeshwa mzigo kwa zaidi ya miaka 30 mpaka alipofariki mwaka 2019, na kila anayejua kusoma jedwali anaona kwamba haukuwa wake peke yake. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba mpira wa chini ulipita katikati ya miguu yake kwenye besi ya kwanza, na Red Sox wakapoteza ubingwa.

Shuka mpaka b10. Red Sox wanaongoza 5-3. Auti mbili, besi tupu, na wWE ya Mets iko karibu na asilimia 1. Gary Carter, hiti. Kevin Mitchell, hiti. Ray Knight, hiti, akiwa tayari na straiki mbili, 5-4. Mrushaji Calvin Schiraldi anatolewa, anaingia Bob Stanley. Mrusho wa Stanley unampita mdakaji, Mitchell anaingia nyumbani. Sasa ni 5-5. Uusome tena mstari huo. Mookie Wilson alipoupiga ule mpira kwa Buckner, uongozi wa Red Sox ulikuwa umekwishapotea. Kosa la Buckner lilimwingiza Knight, ikawa 6-5, mechi ikaisha. Na kulikuwa na mechi ya saba, ambayo Mets walishinda 8-5.

Tovuti inakupa hata hoja ya kumuuliza kocha. Buckner alikuwa na umri wa miaka 36 na vifundo vibovu. Katika mechi za kwanza, ya pili na ya tano za fainali ile, ambazo Red Sox walishinda, Dave Stapleton aliingizwa mwishoni kushika besi ya kwanza badala yake. Fungua NYN198610180, NYN198610190 na BOS198610230, utamwona Stapleton kwenye orodha akiwa na 1B mbele ya jina. Katika mechi ya sita hayumo. Kocha John McNamara alimwacha Buckner uwanjani. Kisha nenda ukurasa wa Buckner mwenyewe: hiti 2,715, na mwaka 1980 aliongoza National League kwa wastani wa .324 akiwa Chicago Cubs. Mtu wa kiwango hicho anastahili kutajwa kwa zaidi ya mpira mmoja.

Kuna mahali ambapo jedwali linashindwa kabisa, na ni lazima anayeanza aonywe. Fungua NY1195409290, mechi ya kwanza ya fainali ya 1954, raundi ya nane, sare 2-2, watu besi ya kwanza na ya pili, hakuna auti. Vic Wertz anapiga, na jedwali linasema tu kwamba mpira wa juu ulidakwa uwanja wa kati. Huo ndio mdako wa Willie Mays. Alikimbia akiwa ameupa mgongo mpira, akaudaka juu ya bega zaidi ya futi 400 kutoka besi ya nyumbani, akageuka na kuurusha kabla hajaanguka, na aliyekuwa besi ya kwanza hakuweza kusogea. Hakuna safu ya kuyaandika hayo. Hapa ndipo video fupi kwenye chaneli rasmi ya YouTube ya MLB, yaani ligi kuu yenyewe, inapostahili MB zako, lakini itazame baada ya kusoma hali ya mechi. Jedwali litakusaidia tena kidogo baadaye: raundi ya 10 Dusty Rhodes aliimaliza mechi kwa homurani, 5-2, na mpira wake ulisafiri umbali mfupi kuliko ule wa Wertz uliodakwa. Polo Grounds ulikuwa uwanja wa ajabu, pembeni mfupi, katikati mrefu kupita kiasi.

Vilevile kwa Jackie Robinson. BRO194704150, tarehe 15 Aprili 1947, siku ambayo mchezaji Mweusi alirudi katika ligi kuu baada ya kuzuiwa tangu karne ya 19. Jedwali linasema mipigo 3, hiti 0, pointi 1. Asiyejua atapita. Afadhali uufungue ukurasa wake binafsi utazame mstari wa 1947: .297, na besi 29 za kuiba (kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa) zikiwa zimeandikwa kwa wino mzito. Wino mzito kwenye kurasa za wachezaji maana yake aliongoza ligi kwa jambo hilo mwaka huo, na ukiujua huo tu unaweza kumpima mchezaji yeyote kwa kutupa jicho.

Kurasa za wachezaji nazo zina kanuni ya anwani: /players/, herufi ya kwanza ya jina la ukoo, kisha herufi tano za ukoo, mbili za jina la kwanza na namba. Babe Ruth ni ruthba01, kwa kuwa jina lake lina herufi nne tu. Hank Aaron ni aaronha01, na ukurasa wake ningeutumia kufundishia darasani. Homurani 755, hiti 3,771. Mwambie mwanafunzi atoe homurani zote kwenye hiti: zinabaki 3,016, na bado mtu huyo yumo katika kundi dogo la waliofikisha hiti 3,000. Mechi aliyoipita rekodi ya Ruth ya 714 ni ATL197404080, raundi ya nne, mrushaji Al Downing.

Kwa msomaji wa Afrika kuna PIT201704260. Tarehe 26 Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia uwanjani kwa Pittsburgh Pirates akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa barani Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani. Mpigo wake wa kwanza kabisa, dhidi ya Jon Lester wa Cubs, ulikuwa hiti, na mstari huo umo kwenye jedwali kama mistari mingine yote. Alicheza mechi 28 msimu ule. Na ukitaka kuona mzee akifanya kazi, fungua KC1196509250 pamoja na ukurasa wa Satchel Paige: mwaka 1965, akiwa na miaka 59, alirusha raundi tatu dhidi ya Red Sox bila kufungwa pointi, hiti moja tu.

Paige anatuleta kwenye sehemu inayohitaji busara. Tangu mwaka 2021 tovuti hii inazihesabu ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 kuwa ligi kuu, jambo la haki lililochelewa sana. Lakini magazeti ya enzi zile hayakuandika mechi zote, kwa hiyo namba za Josh Gibson, mpigaji mashuhuri wa ligi hizo, na wenzake ni za mechi zilizopatikana kumbukumbu zake. Usichukue idadi yake ya homurani hapo ukasema ndiyo yote aliyopiga maishani.

Halafu kuna namba zinazogongana na za ligi yenyewe. MLB inasema Ty Cobb alipata hiti 4,191 na wastani wa .367, Baseball-Reference inaandika 4,189 na .366. Wala si hitilafu ya uchapaji: watafiti waligundua hiti zilizohesabiwa mara mbili zamani, ligi ikabaki na hesabu yake ya awali. Mei 2024 MLB ilipotangaza kwamba Gibson amempita Cobb, ilitumia .372 dhidi ya .367. Mtangazaji wa redio ataje chanzo chake, vinginevyo msikilizaji mwenye simu atampigia kumsahihisha na wote wawili watakuwa sawa.

Sasa mambo ya simu. Ukurasa wa mechi ni maandishi na majedwali, kwa hiyo unakula MB kidogo sana ukilinganisha na video, na ukishafunguka unabaki kwenye simu hata umeme ukikatika na mnara ukazima. Chenye uzito ni matangazo. Mtandao ukishuka, kama unavyoshuka ukielekea ndani Tandahimba au Nanyamba, matangazo huchelewa na kuusukuma ukurasa chini juu, ukagusa kitu usichokusudia. Subiri utulie kwanza ndipo ushuke. Laza simu, maana jedwali la tukio kwa tukio lina safu nyingi na simu ikisimama utaona nusu yake. Majedwali mengi ukigusa kichwa cha safu yanajipanga upya kwa namba za safu hiyo. Mtu huyafikiri yameharibika. Pakia ukurasa upya, yanarudi. Maana za vifupisho ziko kwenye kitufe cha Glossary juu ya jedwali, kwa Kiingereza tu, na hakuna toleo la Kiswahili.

Tarehe nazo zinapoteza watu. Mechi iliyoanza saa mbili usiku New York mwezi Oktoba, kwetu ni saa tisa usiku ya siku inayofuata. Kwa hiyo anayefuatilia World Series ya sasa, inayokuja wakati wa minada ya korosho, mechi aliyoiona alfajiri ya Alhamisi aitafute kwa tarehe ya Jumatano. Marekani wanaporudisha saa nyuma mwanzoni mwa Novemba, tofauti inakuwa saa nane.

Stathead, huduma ya kulipia ya kampuni hiyohiyo, inaruhusu kuuliza maswali magumu kama nani alipata hiti katika mechi nyingi mfululizo. Hulipiwa kwa kadi. Kwa mwalimu au mtangazaji wa mkoani sioni haja. Rekodi kubwa kama mechi 56 mfululizo za Joe DiMaggio, tarehe 15 Mei hadi 16 Julai 1941, unaweza kuzisoma bure kwa kufungua orodha ya mechi zake za mwaka huo.

Mwenye simu dhaifu namshauri aende Retrosheet, shirika lisilo la faida lililoanzishwa na David Smith mwaka 1989, ambalo ndilo chanzo cha sehemu kubwa ya rekodi hizi za tukio kwa tukio. Kurasa zake ni maandishi matupu bila matangazo, zinafunguka haraka hata kwenye mtandao wa 2G. Anachokosa ni zile safu za asilimia. Na kote kuwili, mechi nyingi za zamani zina jedwali la wapigaji bila mpangilio wa tukio kwa tukio, na nyingi kati ya zilizo nao hazina mfuatano wa mirusho.

Anayetaka kuchapisha kwa ajili ya darasa asipige picha ya skrini, herufi zitafifia. Juu ya jedwali kuna Share & Export; chagua CSV, nakili, bandika kwenye Excel, futa safu usizozihitaji ukibakiza Inn, Score, Out, RoB, Batter, wWPA na maelezo, kisha mpelekee mtu wa steshenari faili umwambie achapishe kwa mlalo. Kabla ya kuchapisha hakikisha safu ya Score haijageuka kuwa tarehe, maana Excel ikiona 3-5 huidhania ni siku na mwezi. Iweke kuwa maandishi kabla ya kubandika.